Mama Magamba na Konokono wa Kilima cha Chokaa

Walinzi wa getini ndio waliompa jina la Mama Magamba, nalo likamganda hata mumewe akalizoea. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, mwenye vidole vikavu na sauti ya kukwaruza, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo ya konokono kwenye makumbusho ya viumbe. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo kuu, madirisha yake yamepakwa rangi nyeupe ili jua lisifubaze maandishi, makabati ya chuma kumi na tisa yamejipanga ukutani. Ndani ya kila droo mlikuwa na vijiboksi vya karatasi ngumu, na ndani ya kila kijiboksi magamba ya konokono wa nchi kavu pamoja na lebo iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: ameokotwa wapi, lini, na nani, na ni wa aina gani.

Hilo la mwisho, la aina gani, ndilo lililomkosanisha na mkuu wake.

Mama Magamba hakuwa msomi wa vyeti. Aliingia pale kufagia. Mtunza stoo aliyemtangulia, mzee mwenye macho mabovu, alianza kumwomba amsomee lebo, kisha amtofautishie gamba hili na lile, na alipostaafu ikaonekana mfagiaji ndiye pekee anayejua kitu gani kiko wapi. Akapewa funguo. Tangu hapo, kila mvua zikianza, alikuwa akiingia misituni na mfuko wa kitambaa, anageuza majani yaliyooza na kuchungulia chini ya magogo. Konokono wa nchi kavu hasafiri. Anazaliwa chini ya jiwe hili, anafia chini ya jiwe la jirani, na wajukuu zake wanabaki hapo hapo. Kwa hiyo kilima kimoja kinaweza kuwa na wakazi ambao kilima cha jirani hakijawahi kuwaona.

Mwendo wa saa mbili kutoka mjini kulikuwa na kilima cha mawe ya chokaa. Upande wake wa mashariki ulikuwa umeshaliwa na machimbo ya kiwanda cha saruji. Wa magharibi ulibaki na nyufa zake, mapango yake madogo na miti iliyong'ang'ania mawe. Konokono wa pale walikuwa wadogo kama ukucha wa kidole gumba, kahawia, wenye mstari mmoja. Ng'ambo ya bonde, kwenye msitu wa juu, kulikuwa na konokono wadogo, kahawia, wenye mstari mmoja. Vitabu vyote viliwaweka pamoja. Mama Magamba aliwatazama miaka na miaka, akakataa.

"Wa kilimani mdomo wa gamba lake umekunjwa kwa ndani," alimwambia mkuu wake. "Na ukimgusa anatoa ute wa njano. Wa msituni ute wake hauna rangi."

Mkuu huyo wa idara, ambaye kila mtu alimwita Daktari, alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa maneno, mpenda mashati yaliyopigwa pasi na mikutano yenye vipaza sauti. Hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa anakukatalia huku anatabasamu, na tabasamu hilo lilimuudhi Mama Magamba kuliko ambavyo tusi lingemuudhi.

"Mama, rangi ya ute si sayansi," alisema. "Konokono akila majani mengine anabadilika. Tukianza kuwagawa kwa macho tutakuwa na aina elfu."

Mwaka mmoja akapita mtafiti mgeni, mwanamke aliyekaa wiki tatu stoo na kunywa chai nyingi. Yeye hakucheka. Alimfundisha Mama Magamba kukata kipande kidogo cha nyama ya mguu wa konokono, ule mguu mpana anaotambalia, na kukitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti kali. Siku moja, alimwambia, watu watasoma vinasaba vya hao konokono, yale maandishi ambayo kila kiumbe ameyabeba mwilini kutoka kwa wazazi wake, na hapo hakuna atakayebishana kuhusu ute. Mgeni akaenda zake. Mama Magamba akaendelea kukata na kutumbukiza kwa miaka tisa, hadi akawa na vichupa mia moja na arobaini, vyote vimepangwa kwenye friji kuukuu la stoo, kila kimoja na namba yake.

Halafu binti yake akajifungua, naye akachukua likizo ya wiki mbili kwenda kumsaidia. Aliporudi Jumatatu asubuhi, alifungua friji akakuta chupa za maji na soda.

Alilifunga. Akalifungua tena. Akaenda hadi ofisi ya Daktari bila kuvua mkoba begani.

"Vichupa vyangu viko wapi?"

"Karibu, Mama. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Vichupa viko wapi?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Tulikuwa na wageni wa mkutano, friji la jikoni likafa. Nikasema litumike la stoo. Vile vichupa vilikuwa vinanuka, Mama, na havikuwa kwenye orodha yoyote. Mhudumu alivimwaga."

"Havikuwa kwenye orodha kwa sababu wewe ulikataa kuviorodhesha."

"Basi tuombe radhi yaishe. Magamba si yapo?"

Alisema maneno hayo kama mtu anayemtuliza mtoto aliyedondosha peremende.   Mama Magamba alirudi stoo, akatoa zile chupa za soda moja moja, akazipanga kwenye korido mbele ya mlango wa Daktari, arobaini na sita, mpaka wapita njia wakawa wanaruka.

Jumamosi ile alikuja mdogo wake kuwaona. Huyu mdogo wake alikuwa dereva wa katapila kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mtu mnene mcheshi, baba wa watoto watatu. Katikati ya mazungumzo akatoa habari njema: machimbo yanahamia upande wa magharibi, kazi ipo miaka kumi mingine.

"Watawaruhusu?" Mama Magamba aliuliza.

"Mbona karibu yote yameshakwisha, dada. Makumbusho yenu yameandika barua. Eti konokono wa pale ni wa kawaida tu, wamejaa hadi msituni, hakuna cha kupotea. Imebaki muhuri."

Mumewe, fundi bomba ambaye kwa kawaida alikuwa na mzaha wa kila jambo, alimtazama mkewe usoni na kuacha mzaha. Mama Magamba aliuliza nani aliyesaini barua hiyo. Mdogo wake akataja cheo cha Daktari. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile alipokuwa likizo.

Usingizi aliupata, lakini ulikuwa wa kusaga meno. Kulipokucha alikuwa ameshaamua.

Jumatatu hakwenda stoo. Alikwenda chuo kikuu, kwenye maabara ya vinasaba, akakaa kwenye benchi la korido hadi mtu atoke. Aliyetoka alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, miwani juu ya nywele, glavu mikononi, ambaye wenzake walimwita Mpimaji. Alimsikiliza akiwa amesimama, bila kutikisa kichwa.

"Una nyama?" Mpimaji aliuliza alipomaliza.

"Nilikuwa nayo."

"Magamba matupu hayanisaidii. Niletee nyama mpya, ya kilimani na ya msituni. Na wote unaosema ni aina tofauti, wote, hata wale unaowajua sana."

"Wale ninaowajua sana sina shida nao."

"Lete," Mpimaji alisema. "Mimi sijui konokono. Nitapima ninacholetewa, na majibu yatakuwa yale yatakayokuwa. Hata kama hayatakufurahisha."

Mama Magamba aliona mtoto huyu ana mdomo. Hata hivyo alimpenda kidogo.

Msitu ulikuwa rahisi. Aliokota wa mstari, kisha akaokota na wale weupe wasio na mstari, ambao tangu mwanzo aliwaandika kuwa aina yao peke yao. Hilo lilikuwa jambo lake la kujivunia. Mzee mwenye macho mabovu aliwachanganya, yeye akawatenganisha mwaka wake wa kwanza, na hata Daktari alilikubali. Shida ilikuwa kilima. Kilishazungushiwa waya, na getini wakasema hakuna kuingia bila kibali. Kibali kilihitaji saini ya Daktari.

Akaenda kwa mdogo wake. Wifi yake alimkaribisha chai, akaona uso wa mgeni wake ulivyokunjamana, akaenda chumbani.

"Dada, lile jiwe ndilo linalonilisha," mdogo wake alisema kabla hajaulizwa.

"Sijaja kukuambia uache kazi. Nimekuja unifungulie geti la nyuma, Jumapili, saa moja tu."

"Wakijua?"

"Hawatajua kwangu."

Mdogo wake alizungusha kikombe mezani. "Kwa konokono," alisema. "Mimi nina watoto watatu, wewe unaniletea konokono."

"Ninajua una watoto watatu. Nimewaogesha wote. Hao konokono hawana mahali pengine, na mtu aliyeandika kwamba wanapo hajawahi kukipanda hicho kilima hata mara moja. Ameandika akiwa kwenye kiti. Hilo ndilo linaloniuma."

Jumapili geti la nyuma lilikuwa halijafungwa kwa kufuli. Mdogo wake hakuonekana. Kiangazi kilikuwa kikali, na konokono walikuwa wamejificha ndani ya nyufa, kila mmoja ameziba mlango wa gamba lake kwa utando wa ute mkavu akisubiri mvua. Mama Magamba alilala kifudifudi juu ya jiwe la moto, mkono umezama hadi begani, akiwapapasa. Kutoka upande wa mashariki vumbi jeupe lilikuwa limefunika majani kama unga. Kwa saa nzima alipata kumi na mmoja. Alikata nyama zao pale pale, akatia kila mwili uliobaki kwenye kichupa chake cha spiriti, akaandika namba, ufa gani, jiwe gani, upande gani wa mti gani. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu na yeye alikuwa anatukana kwa sauti ya chini, matusi ambayo mumewe hakujua kama anayajua.

Maabara haikwenda haraka. Ute wa konokono, Mpimaji alieleza, unaziba kila kitu. Vinasaba vinanasa ndani yake kama uzi kwenye gundi. Mara ya kwanza hakutoka hata mmoja. Mara ya pili wakatoka watatu. Mama Magamba alikuwa anakwenda kila Alhamisi baada ya kazi, anavaa koti jeupe lililomfika kwenye kifundo, anaosha vifaa. Alijifunza kusaga nyama ndani ya kimrija, kuisubiri iyeyuke, kuweka tone dogo kwenye mashine inayozidisha maandishi mpaka yasomeke. Mara ya nne wakatoka wote.

Mpimaji alimwita akaketi mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na mchoro kama mti uliolala ubavu, wenye matawi na vijitawi, na mwisho wa kila kijitawi namba aliyoiandika yeye.

"Hawa ndio wa kilimani," Mpimaji alisema. "Wote kumi na mmoja wamekaa kwenye tawi lao. Wa msituni wako huku mbali. Huu si umbali wa ndugu na ndugu. Wameachana zamani sana, kabla hajakuwepo mtu yeyote. Ulikuwa sahihi."

Mama Magamba alishika ukingo wa meza. 

"Sasa hawa," Mpimaji aliendelea. Kidole chake kilishuka. "Wa mstari wa msituni, na hawa weupe wako. Tazama walivyochanganyika. Mweupe, wa mstari, wa mstari, mweupe. Hakuna tawi la weupe. Ni konokono mmoja mwenye rangi mbili."

"Hapana."

"Ndivyo ilivyo."

"Mashine imekosea. Umechanganya vimrija."

"Nimerudia mara mbili, kwa sababu nilijua utasema hivyo."

"Mimi nimewaona hao miaka ishirini na sita. Wewe umewaona ndani ya kimrija."

Alichukua mkoba akaondoka bila kuaga. Njia nzima aliongea peke yake. Nyumbani alimweleza mumewe, akitarajia kuungwa mkono. Fundi bomba alikuwa anafungua koki jikoni, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mashine ikikuunga mkono ni nzima, ikikukatalia ni mbovu. Nilidhani hiyo ni kazi ya Daktari."

Siku mbili hakumsemesha mumewe. Siku ya tatu alitoa droo za konokono weupe, akazipeleka dirishani, akaangalia magamba yote mia tatu na kumi na mbili kwa hadubini. Alitafuta tofauti moja tu isiyo ya rangi: mdomo, kitovu, yaani kile kitundu cha chini ya gamba, idadi ya mizunguko. Hakuipata. Alikuwa ameona rangi akaridhika. Hasira aliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa na mtu wa kupelekewa, na kwa hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Alichukua kalamu ya risasi, akapiga mstari mwembamba juu ya jina kwenye kila lebo, akaandika jina sahihi chini yake, na tarehe, na herufi za mwanzo za jina lake ili ijulikane nani alikosea na nani alisahihisha. Ilimchukua wiki. Halafu akarudi maabara na kumwambia Mpimaji, "Nisamehe kwa ule mdomo," na Mpimaji akamwambia avae glavu, kuna kazi.

Daktari alipoonyeshwa mchoro alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, na kwa mara ya kwanza alisema jambo la maana. Maandishi waliyosoma, alisema, ni yale yanayorithiwa kwa mama tu. Inawezekana ukoo wa mama ukatofautiana na bado konokono wakazaana. Inatakiwa kusoma na sehemu nyingine, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, na kuwapasua waone viungo vya uzazi.

"Yuko sahihi," Mpimaji alisema walipotoka nje.

"Ninajua yuko sahihi," Mama Magamba alisema. "Angeyasema hayo kabla ya kusaini barua."

Wakasoma sehemu nne zaidi. Mama Magamba akawapasua kwa sindano na kibano, na usiku akawa anaota mirija. Kila konokono wa aina hiyo ni dume na jike kwa wakati mmoja, habari iliyomfurahisha sana fundi bomba, akawa anauliza kila siku nani anapika kwao. Viungo vya wa kilimani vilikuwa vimejipinda namna ambayo visingeweza kuingiliana na vya wa msituni. Na zile sehemu nne zilisema lile lile. Ubishi ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo Daktari akawa mwepesi ajabu. Aliandika kwa ofisi ya mazingira kwamba makumbusho yana matokeo mapya, na kikao cha kutoa muhuri kikaahirishwa. Aliomba takwimu zote kwa ajili ya kumbukumbu. Miezi miwili baadaye Mpimaji alikuja stoo, amekunja karatasi mkononi, uso umemwiva.

"Daktari aliniambia ameongea na wewe," alisema. "Naapa, mama, aliniambia umekubali."

Ilikuwa makala iliyoandaliwa kuchapishwa. Konokono mpya wa kilima cha chokaa, agunduliwa kwa vinasaba. Jina la Daktari la kwanza, la Mpimaji la pili. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani kwa wahudumu wa stoo.

Mama Magamba alisoma mara mbili. "Wahudumu," alisema. "Wangapi?"

"Mama..."

"Niko mimi peke yangu humu. Hata kuhesabu hakuhesabu."

Mpimaji alisema atatoa jina lake. Mama Magamba akamkataza asitoe kitu mpaka kikao kiishe. Makala ikianguka, kilima nacho kinaanguka. Alisema hivyo kwa utulivu uliomwogopesha Mpimaji.

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na feni mbili. Afisa wa mazingira, mwanamke mwenye nywele za mvi, aliketi katikati. Upande mmoja kulikuwa na watu wa kiwanda na wakili wao. Upande wa pili Daktari na Mpimaji. Mama Magamba aliletwa kubeba maboksi ya vielelezo. Aliketi nyuma, maboksi mapajani.

Daktari aliongea vizuri. Mti ulionyeshwa ukutani, matawi yakaelezwa. Alipomaliza, wakili aliuliza swali moja tu.

"Hawa kumi na mmoja mliwaokota wapi hasa?"

"Kilimani," Daktari alisema.

"Kilima kina pande mbili. Wa mashariki umeshachimbwa, hilo hatubishani. Kama walitoka mashariki, upande wa magharibi hauwahusu."

Daktari alifunua karatasi. Akafunua nyingine. "Kwa ujumla, ni maeneo ya..." Akanywa maji. Mpimaji alimtazama Mama Magamba, lakini Mpimaji mwenyewe hakujua kilima. Alikuwa na namba tu.

 Mama Magamba alimwona Daktari shingo inalowa, na utamu wa jambo hilo ulimjaa mdomoni. Angeweza kumwacha hapo. Sekunde zilikwenda, wakili akaanza kutabasamu, na lilikuwa tabasamu lile lile la miaka yote, limebadilisha uso tu.

"Magharibi," alisema, akasimama. "Wote. Naweza kukuonyesha kila ufa."

"Huyu ni nani?" wakili aliuliza.

"Ni mimi niliyewaokota. Ni mimi niliyesema miaka kumi na tano iliyopita kwamba si wale wa msituni, nikaambiwa rangi ya ute si sayansi. Nilikuwa na vichupa mia moja na arobaini vya nyama yao; vilimwagwa ili soda zipate ubaridi. Wiki hiyo hiyo ikaandikwa barua kwamba ni konokono wa kawaida." Alifungua daftari lake la uwandani, akaliweka mbele ya afisa. "Kila namba iliyo kwenye ule mti ipo hapa. Jiwe, ufa, mti, upande."

Afisa alisoma. 

"Tarehe hii ni ya mwaka huu," wakili alisema kwa upole, akichungulia. "Eneo lilikuwa limeshafungwa. Nani alikufungulia?"

 "Niliingia mwenyewe."

"Kuna geti na kuna kufuli."

"Niliingia mwenyewe bila ruhusa. Niandikieni kosa hilo, jina langu mnalo. Swali la walikotoka nimelijibu."

Waliandika. Baada ya wiki tatu uamuzi ukatoka: upande wa magharibi usiguswe. Mashariki waendelee na kile kilichobaki, ambacho hakikuwa kingi. Kuhusu wale wote waliokwisha kusagwa upande huo pamoja na mawe, uamuzi haukusema lolote, na Mama Magamba aliliona pengo hilo tangu aliposoma mara ya kwanza.

Kiwanda hakikuwa na ushahidi, ila kilikuwa na akili. Mdogo wake alihamishiwa machimbo mengine, safari ya siku nzima, na kurudi nyumbani ikawa mara moja kwa mwezi. Wifi yake alimpigia simu, akamwambia maneno makali kwa nusu saa, na Mama Magamba hakukatiza hata moja. Mdogo wake mwenyewe hakupiga kabisa.

Makala ilichapishwa ikiwa na majina matatu. Mpimaji alikuwa ameandika barua kali kwa wachapishaji, na jina la Mama Magamba likawekwa la mwisho, herufi moja imekosewa. Makumbusho wakaandaa sherehe ndogo, keki na hotuba. Alibaki stoo na mlango akaufunga kwa ndani.

Kesho yake Daktari alikuja mwenyewe hadi kwenye makabati. Kulikuwa na vilima vitatu zaidi vya chokaa, alisema, na ofisi ya mazingira inataka vyote vichunguzwe kabla ya mwaka kuisha. Hakuna wa kuongoza kazi hiyo zaidi yake.

"Tusahau yaliyopita, Mama," alisema. "Tumefanya jambo kubwa pamoja."

"Hatukufanya pamoja. Wewe ulikuwa unakataa na mimi nilikuwa nafanya."

Alivuta karatasi, akaandika akiwa amesimama: friji la stoo lina ufunguo mmoja, anao yeye, kila kichupa kinaorodheshwa siku kinapoingia, hakuna barua inayotoka kuhusu konokono bila yeye kuisoma, jina lake linakuwa la kwanza, herufi zote. Akamsogezea.

Daktari alisoma kwa utaratibu. "Bado una hasira," alisema.

"Ndiyo. Saini."

Akasaini. Mama Magamba alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akampigia Mpimaji simu kumuuliza kama ana viatu vya kupandia mawe. Halafu, kabla hajaweka simu chini, akajaribu tena namba ya mdogo wake. Iliita mpaka ikakatika. Akamwandikia ujumbe kwamba Jumapili atakwenda kuwaona watoto, akatoka kutafuta ngazi ya kufikia droo za juu.